Rye: bandari iliyokimbiwa na bahari

Kusini-mashariki mwa Uingereza, katika jimbo la East Sussex, kuna mji mdogo uitwao Rye wenye wakazi wapatao elfu tano. Umekaa juu ya kilima cha mwamba, nyumba zimebanana, na kanisa liko kileleni. Ukipanda mnara wa kanisa hilo unaona mashamba ya nyasi yaliyotandaa hadi upeo wa macho, na kondoo kila upande. Bahari iko kilomita tatu hivi kutoka hapo. Hata hivyo historia inauita mji huu bandari, tena mojawapo ya bandari kubwa za pwani ya kusini katika karne ya 16. Wageni wengi hupiga picha zao, hunywa chai, huondoka, na swali la msingi hubaki pale pale: meli zilikuwa zikitia nanga wapi?

Jibu la mkato ni kwamba bahari ilirudi nyuma. Si uongo, lakini jibu hilo linamficha mhusika mkuu. Bahari ya Rye ilifukuzwa. Wenye ardhi waliotaka malisho waliisogeza kidogo kidogo kwa karne kadhaa, na wenye meli walipokuja kushtuka bandari ilikuwa imejaa tope. Tena uzuri unaowavuta watalii leo umetokana na hasara hiyo hiyo: biashara ilipokufa, mji ulikosa fedha za kubomoa nyumba kuukuu na kujenga mpya. Mambo haya mawili hayaeleweki vizuri mpaka uanze na tufani za karne ya 13.

Mto uliohama njia

Zamani hizo Rye ilikuwa karibu kisiwa. Ilikaa pembeni mwa ghuba yenye maji matulivu, na mbele yake kulikuwa na ukingo mrefu wa kokoto uliorundikwa na mawimbi, ambao uliikinga ghuba isipigwe na bahari kuu. Mto Rother, ambao leo unapita chini ya kilima, haukuwa ukifika huko. Ulimwaga maji yake upande wa mashariki, karibu na mji wa New Romney. Rye yenyewe haikuwa hata chini ya mfalme moja kwa moja. Ilimilikiwa na watawa wa Abasia ya Fécamp, ng'ambo ya pili ya bahari huko Normandy. Mwaka 1247 Mfalme Henry III aliona haiingii akilini kuacha bandari inayotazamana na Ufaransa mikononi mwa watawa wa Ufaransa, akawapa mashamba mengine na kuichukua.

Kisha hali ya hewa ikachafuka kwa miongo kadhaa. Tufani ya mwaka 1250 iliuvunja ukingo wa kokoto, na ile ya 1287 ikamaliza kazi. Mji jirani wa Winchelsea, uliokuwa umejengwa juu ya kokoto hizo, ulimezwa na maji. Mfalme Edward I akaujenga upya juu ya kilima kilicho mkabala na Rye, mitaa ikapimwa kwa mistari iliyonyooka, na chini ya nyumba za wafanyabiashara yakachimbwa maghala ya kuhifadhia mvinyo wa Gascony, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa. Baadhi ya maghala hayo yanaweza kutembelewa hadi leo.

New Romney ndiyo iliyoumia zaidi. Tufani ya 1287 ililijaza lango la mto mchanga na tope, Rother ukakosa pa kutokea, ukajitafutia njia nyingine na kuibukia Rye. Mji mmoja ukapoteza mto wake na mwingine ukaokota. Ushahidi bado upo kwenye kanisa la Mtakatifu Nicholas huko New Romney: kuingia ndani inabidi ushuke, kwa sababu ardhi ya nje ilipandishwa na matope, na nguzo zake bado zina madoa ya mafuriko. Rye ikajikuta ina mito mitatu, yaani Rother, Brede na Tillingham, na hori kubwa lenye kina ambamo merikebu nyingi ziliweza kujikinga na upepo. Bahati haikuwahi kuupendelea mji huo kuliko wakati huo.

Bandari Tano ambazo ni saba, au zaidi

Msomaji wa historia ya pwani hii hukutana mapema na jina la Bandari Tano, akahesabu, akakuta hesabu haitoi. Ufafanuzi wake si mgumu. Uingereza ya zama hizo haikuwa na jeshi la wanamaji la kudumu. Mfalme alipotaka kuvuka kwenda Ufaransa au kuwazuia maadui, alihitaji meli za watu. Akafanya mapatano na miji mitano ya pwani: Hastings, New Romney, Hythe, Dover na Sandwich. Kila mwaka miji hiyo ilitakiwa kumpa meli 57 kwa siku 15 bila malipo, kila meli na mabaharia 21 na mvulana mmoja. Hastings ilibeba meli 21, Dover 21, na mitatu iliyobaki ikatoa tano tano. Baada ya siku 15, mfalme akitaka kuendelea nazo ilibidi alipe.

Meli 21 zilikuwa mzigo mzito kwa Hastings, hasa bandari yake ilipoanza kuharibika. Ikazishirikisha Rye na Winchelsea. Miji hiyo miwili ilikua hadi ikawa na nguvu kuliko iliyokuja kuisaidia, ikapewa hadhi sawa na ile mitano, chini ya jina la Miji ya Kale. Hapo tayari ni saba. Kila mmoja nao ulikuwa na miji midogo iliyoshikamana nao, ikichangia meli na kufaidi haki zile zile. Tenterden, kwa mfano, ni mji wa bara kabisa, lakini mwaka 1449 uliunganishwa na Rye ili uisaidie kubeba wajibu wake. Ukijumlisha yote unapita thelathini. Jina la Tano halikubadilishwa, maana Waingereza hawana haraka ya kubadilisha majina.

Malipo ya mapatano hayo yalikuwa manono: kusamehewa kodi nyingi, kuendesha mahakama zao wenyewe, kuchukua mali zilizotupwa ufukweni na bahari, na heshima ya kubeba mwavuli wa kitambaa juu ya kichwa cha mfalme siku ya kutawazwa. Nembo yao inaonyesha simba watatu ambao mbele ni simba na nyuma ni merikebu. Nembo hiyo utaiona mara kwa mara mjini Rye ukiinua macho ukutani.

Uhuru huo pia uliwalevya. Mabaharia wa Bandari Tano walikuwa maharamia wazuri sawa na walivyokuwa wapiganaji. Mwaka 1297, walipokwenda Flanders, pwani ya Ubelgiji ya leo, pamoja na Edward I, waliwageukia mabaharia wenzao wa Yarmouth, Waingereza wenzao, na kuzichoma moto meli zao huku mfalme akitazama. Chimbuko lake lilikuwa ugomvi wa muda mrefu juu ya uvuvi wa samaki aina ya heringi.

Ng'ambo ya pili nako watu walikuwa na hesabu zao. Wafaransa waliivamia Rye mara kadhaa, na mwaka 1377 wakaichoma karibu yote. Nyumba za mbao ziliteketea, kanisa likaungua, na kengele zake zikabebwa kwenda Normandy. Mwaka uliofuata wanaume wa Rye na Winchelsea walivuka bahari, wakachoma walivyochomewa, wakarudi na kengele zao. Vitu viwili vikubwa vya mawe vilivyojengwa kabla ya moto huo bado vimesimama. Kimoja ni Landgate, lango la mwaka 1329, ambalo ndilo pekee lililobaki katika malango manne ya mji. Kingine ni mnara wa karne ya 13 uitwao Ypres Tower, ambao ulikuwa ngome, ukawa makazi ya mtu, ukatumika kwa karne nyingi kama gereza, na sasa ni makumbusho.

Nani aliifukuza bahari

Kwa karne mbili baada ya moto ule mambo yalikwenda vizuri. Magogo na vyuma kutoka misitu ya bara vilipakiwa Rye. Samaki walivuliwa usiku, wakapakiwa kwenye vikapu juu ya farasi na kukimbizwa London kabla hawajaharibika, wengine wakienda moja kwa moja kwenye meza ya mfalme. Vyombo vya kwenda Dieppe, bandari ya Ufaransa, viliondoka hapa. Wafaransa Waprotestanti walipouawa kwa wingi nchini kwao mwaka 1572, wengi wao walikimbilia Rye, na kufikia miaka ya 1580 mji mdogo ulikuwa umehifadhi wakimbizi zaidi ya elfu moja. Malkia Elizabeth I alikuja mwenyewe mwaka 1573.

Lakini chini ya maji kulikuwa na jambo linaendelea, na hapa panahitaji utulivu kidogo kwa sababu ndipo kiini kilipo.

Bandari iliyo kwenye lango la mto hujisafisha yenyewe ikiwa kuna maji ya kutosha yanayoingia na kutoka. Maji yakijaa, bahari huingia ndani kabisa na kutandaa juu ya ardhi yote iliyo chini. Yakipwa, maji hayo yote hulazimika kutoka kupitia njia nyembamba, kwa kasi, yakikokota mchanga na tope kurudi baharini. Katika ghuba ya Rye tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, huzidi mita sita. Hiyo ni nguvu kubwa ajabu, inayofanya kazi mara mbili kwa siku bila mshahara.

Sasa fikiria wewe ni mwenye shamba pembeni mwa kinamasi. Ardhi inayofunikwa na maji ya chumvi na kufunuka tena ina rutuba sana. Ukiizungushia tuta la udongo na kuchimba mifereji, mvua itaiosha chumvi, na baada ya miaka michache una malisho ya hali ya juu. Sufu ya kondoo ndiyo iliyokuwa utajiri wa Uingereza. Abasia, mabwana na matajiri wa mjini wakajenga tuta baada ya tuta. Kila tuta lilipunguza eneo ambalo maji yaliweza kutandaa, kwa hiyo kila tuta lilipunguza maji yaliyotoka kwa kasi wakati wa kupwa. Mto ukawa hauna tena nguvu ya kujifagilia. Tope likatulia, likaota nyasi, na kwa kuwa lilikuwa limeota nyasi mwingine akalizungushia tuta.

Wakati huo huo mawimbi ya kusini-magharibi yaliendelea kusukuma kokoto kuelekea mashariki na kuziweka mbele ya lango la mto. Na manahodha nao, walipokuja meli zikiwa tupu, walimwaga ndani ya hori mawe waliyobeba kuzipa meli uzito. Ilikatazwa. Waliendelea.

Anayetaka kuona matokeo kwa macho yake aende Camber Castle, ngome iliyoko uwandani kati ya Rye na bahari. Henry VIII aliijenga kwanza kama mnara mwaka 1512 hadi 1514, kisha kati ya 1539 na 1543 akaipanua kuwa ngome nene ya duara, mizinga ikielekezwa kwenye njia ya meli. Ilikuwa kwenye ncha ya kokoto, maji yakiwa karibu kabisa. Haikupita hata karne moja, mwaka 1637, askari wakaondolewa kwa sababu mizinga haikuwa na cha kulenga. Leo imezungukwa na kondoo. Kwangu mimi ndicho kitu cha maana kuliko vyote katika eneo hili, ingawa watalii wengi hawafiki kwa kuwa ni lazima utembee kwa miguu.

Mji haukukaa kimya. Ulilalamika kwa wafalme, ukaomba michango, ukaita wataalamu. Mpango mkubwa kuliko yote ulianza mwaka 1724, Bunge liliporuhusu kuchimbwa njia mpya ya kutokea baharini upande wa Winchelsea. Ilichukua miaka 63. Bandari mpya ilifunguliwa mwaka 1787 na kuachwa mwaka huo huo, ikiwa imezibwa na kokoto. Wenye ardhi ya kinamasi nao hawakuwahi kuupenda mpango huo, maana kila njia ya kuingiza maji zaidi ilikuwa tishio kwa matuta yao. Ukitafuta mantiki ya hadithi yote ya Rye, iko kwenye mvutano huo: mwenye meli anataka maji, mwenye kondoo hayataki, na mara nyingi mtu huyo ni mmoja au ni ndugu.

Usiku, sufu na chai

Kondoo hao waliingiza mji katika biashara nyingine. Mwaka 1275 Edward I aliweka ushuru kwa kila gunia la sufu linalotoka nchini. Katika karne ya 17 kusafirisha sufu ghafi kukapigwa marufuku kabisa, ili viwanda vya nguo vya Uingereza viipate kwa bei rahisi. Ng'ambo, wafumaji wa Ufaransa na Flanders walikuwa tayari kulipa vizuri. Kinamasi chenye mifereji mingi, ukungu, na njia zinazojulikana na wenyeji tu kilikuwa mahali pa kufaa. Sufu ilitoka usiku. Chai, pombe kali ya zabibu, tumbaku na lesi zikaingia. (Kondoo wenyewe ni wale wa aina ya Romney Marsh, jina ambalo wafugaji wa nyanda za juu za Kenya wanalifahamu.)

Katika miaka ya 1730 na 1740 magendo yalishikwa na genge la Hawkhurst, kijiji cha bara katika jimbo la Kent. Lilikuwa likinywa hadharani katika nyumba ya wageni ya Mermaid mjini Rye, bastola zikiwa mezani, na hakuna aliyethubutu kusema kitu. Hawa hawakuwa watu wa kupendeza kama wanavyochorwa kwenye vikombe vya ukumbusho. Mwaka 1747 walivunja forodha ya Poole, mbali huko Dorset, wakarudisha chai yao iliyokamatwa. Mwaka uliofuata ofisa wa forodha, William Galley, na shahidi, Daniel Chater, wakateswa na kuuawa kinyama na wafanya magendo waliohusika na chai hiyo. Kiongozi wa genge, Thomas Kingsmill, alinyongwa London mwaka 1749.

Kunyonga watu hakukumaliza magendo, kwa sababu sababu yake ilikuwa kwenye hesabu. Ushuru wa chai ulikuwa umezidi asilimia mia moja ya bei, kwa hiyo hata mchungaji wa kanisa alinunua ya usiku. Mwaka 1784 serikali ya William Pitt iliushusha hadi asilimia 12.5, na faida ya kuvuka bahari na chai gizani ikayeyuka. Marufuku ya sufu nayo iliondolewa katika miaka ya 1820. Magendo yalipokwisha, Rye ilibaki na samaki, ujenzi wa mashua na kondoo.

Vya kuona

Mermaid Street ndiyo inayopigwa picha kuliko zote: mteremko mkali uliotandikwa mawe ya mviringo, nyumba za mbao zimeegemeana, nyingine zimepinda. Vaa viatu vya soli nene. Nyumba zake hazitambuliwi kwa namba tu. Nyingine ina kibao cha Nyumba Yenye Milango Miwili ya Mbele, nyingine Nyumba Yenye Kiti, na nyingine inaitwa Nyumba ya Mkabala. Nyumba ya wageni ya Mermaid bado inafanya kazi, na kibao chake kinasema ilijengwa upya mwaka 1420, maghala yake ya chini ya ardhi yakiwa ya zamani zaidi. Habari za mizimu ya humo nawaachia wanaouza vyumba.

Kanisa la Mtakatifu Mary lina saa iliyowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1560, mojawapo ya saa kongwe za minara ambazo bado zinatembea. Mpini wake mrefu wa kupimia mwendo, ulioongezwa baadaye, unaning'inia ndani ya kanisa na kubembea juu ya vichwa vya watu. Nje kuna sanamu mbili za wavulana wanaogonga kengele kila robo saa. Saa kamili hawaigongi. Uani kuna jengo la matofali lenye umbo la yai, tangi la maji la mwaka 1735, lililojengwa kwa sababu mji wa juu ya mwamba una shida ya maji ya kunywa hata ukiwa umezungukwa na mito mitatu.

Katika ua huo ndimo kilimotokea kisa ambacho Rye haichoki kukisimulia. Mwaka 1743 meya alikuwa James Lamb, mtu mwenye mamlaka na nyumba nzuri karibu na kanisa. Mchinjaji mmoja, John Breads, alikuwa na kinyongo naye kwa kutozwa faini ya mizani ya udanganyifu. Usiku wa Machi, Lamb alialikwa chakula kwenye meli bandarini. Hakujisikia vizuri, akamwomba shemeji yake, Allen Grebell, aende badala yake, na akamwazima joho lake maana kulikuwa na baridi. Grebell alipokuwa akirudi gizani kupitia makaburini, Breads aliliona joho na kumchoma kisu. Grebell alijikokota hadi nyumbani, akadhani amesukumwa tu na mlevi, akamwambia mtumishi akalale, akakaa kwenye kiti karibu na moto. Asubuhi alikutwa amekufa.

Kesi ikasikilizwa na nani? Na James Lamb, mtu aliyekusudiwa kuuawa, ambaye pia alitoa ushahidi. Hakuna aliyeona tatizo. Breads alinyongwa, na mwili wake ukafungiwa kwenye fremu ya chuma na kuachwa uwanjani miaka mingi. Fremu hiyo, na kipande cha fuvu ndani yake, vimehifadhiwa kwenye jengo la baraza la mji. Mifupa mingine, inasimuliwa, iliibwa na wazee walioichemsha kuwa dawa ya baridi yabisi.

Jengo hilo hilo lina desturi ya furaha zaidi. Kila Mei, meya anapoapishwa, hutupa sarafu zilizopashwa moto kutoka dirishani, na watoto wa mji huzikimbilia chini. Kwa nini zipashwe moto, kila mzee ana maelezo yake.

Nyumba ya Lamb pia iko wazi kwa wageni siku kadhaa za wiki. Mfalme George I alilala humo mwaka 1726, baada ya dhoruba kuisukuma meli yake hadi ufukwe wa Camber, na usiku huo huo mke wa Lamb akajifungua mtoto wa kiume. Mfalme akawa baba wa ubatizo na mtoto akaitwa George. Kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19 mwandishi Mmarekani Henry James aliishi hapo, na kutoka wakati huo Rye ikaanza kujulikana kwa waandishi na wachoraji waliotafuta mji mzuri, wa bei nafuu na usioguswa. Reli ilikuwa imefika tangu 1851. Utalii ulianzia hapo.

Huko kwenye maji

Bandari haijafa kabisa. Ukishuka chini ya kilima wakati maji yamekupwa utaona mashua zimekaa juu ya tope jeusi. Yakijaa zinaelea na kwenda zake. Wavuvi wa Rye wanasifika kwa skalopi, jamii ya chaza wenye gamba la mistari, na kila Februari migahawa ya mji huwapika kwa wiki nzima. Meli ndogo za mizigo hufika kwenye gati karibu na kijiji cha Rye Harbour, mlangoni mwa mto.

Kijiji hicho kina kumbukumbu nzito. Alfajiri ya tarehe 15 Novemba 1928, katika dhoruba kali, watu 17 walisukuma boti ya uokozi iitwayo Mary Stanford baharini ili kuisaidia meli ya Latvia, Alice, iliyokuwa imepata ajali. Haikuwa na injini. Ilikwenda kwa makasia. Walijaribu mara tatu mpaka ikaingia majini. Muda mfupi baadaye habari ikaja kwamba mabaharia wa Alice wameshaokolewa na meli nyingine. Fataki za kuwaita warudi zilirushwa, lakini kwa mvua na povu la mawimbi hawakuziona. Walipokuwa wakirudi, boti ilipinduka langoni mwa bandari na wote 17 wakafa. Katika kijiji cha ukubwa ule, hiyo ilikuwa karibu nyumba zote. Kibanda cha boti kingali kimesimama peke yake kwenye kokoto, na jiwe la kumbukumbu liko kanisani.

Kokoto hizo sasa ni hifadhi ya mazingira, iliyoanzishwa mwaka 1970. Ndege wa pwani hutaga moja kwa moja juu ya mawe, na mimea migumu huota pasipo udongo wa kuonekana. Ng'ambo ya mto kuna Camber Sands, ufukwe mpana wa mchanga wenye vilima, ambao wakati wa joto hujaa watu wa London. Maji hapo hupwa mbali sana kisha hurudi haraka na kuzunguka nyuma ya mafungu ya mchanga. Agosti 2016 vijana watano walizama humo siku moja. Anayekwenda aulize kwanza saa za maji kujaa.

Kufika si kazi: treni ya kasi kutoka kituo cha St Pancras, London, hadi mji wa Ashford, kisha treni ya dizeli inayokatiza kinamasi. Dirishani utaona mifereji, matuta na malisho yaliyo chini ya usawa wa maji ya bamvua. Ardhi hiyo bado inalindwa kila mwaka. Mawimbi yanaendelea kusukuma kokoto kuelekea mashariki hadi zirundikane karibu na mlango wa mto Rother, na kila majira ya baridi malori ya serikali huzichota hapo na kuzirudisha magharibi, ufukwe wa Pett, ambako mawimbi huanza kuzisukuma tena.